Kiti cha magurudumu kilichobaki stoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu mwaka jana, na naomba radhi mapema kwa urefu wa barua hii, kwa kuwa ugonjwa ninaouzungumzia haujulikani kwa wengi, nami siwezi kuwaombea msaada watu ambao msomaji hajui wanaumwa nini.

Katika stoo ya nyumba yangu hapa Moshi kuna kiti cha magurudumu chenye mgongo mrefu wa kumwegemeza mtu asiyeweza kushika shingo yake, mashine ndogo ya kufyonza mate, na mto wa shingo. Vilikuwa vya mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliyefariki kwa ugonjwa uitwao ALS. Tangu tulipoanua matanga nimekuwa nikitafuta mgonjwa mwingine wa ugonjwa huo nimpe vitu hivyo bure. Nimeuliza wauguzi wenzangu wa zamani, nimeuliza kanisani, nimewauliza na madaktari wawili ninaofahamiana nao. Kila mmoja alisema aliwahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo, mwingine wawili au watatu, lakini hakuna aliyeweza kuniambia wako wapi sasa wala kama wangali hai. Hakuna daftari lenye majina yao. Kiti kimekaa miezi tisa, na ninaamini kwamba si mbali na hapa yupo mtu aliyeegemezwa kwa mito kwenye kochi kwa sababu familia yake haina kiti kama hiki.

ALS ni ugonjwa wa neva zinazoiamrisha misuli. Neva hizo ni za namna mbili: zipo zinazoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kwenye uti wa mgongo, na zipo zinazotoka kwenye uti wa mgongo kwenda kwenye misuli yenyewe. Katika ugonjwa huu zote hufa kidogo kidogo, na msuli uliokosa amri hunyauka. Ngozi huendelea kuhisi, masikio husikia, macho huona na kuzunguka, na kwa wagonjwa wengi akili hubaki timamu, ingawa baadhi hubadilika fikra na tabia. Huanzia mkono mmoja, au mguu mmoja, au ulimi, kisha husambaa. Wengi hufariki kati ya miaka miwili na mitano tangu dalili ya kwanza, kwa kawaida pale misuli ya kupumua inaposhindwa kazi, na mmoja hivi kati ya kumi huvuka miaka kumi. Nikitaja ugonjwa huu kwa watu waliosoma, hunijibu kwa jina la Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza aliyetambuliwa mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 21 na kufariki mwaka 2018 akiwa na miaka 76. Huyo alikuwa wa pekee. Ukimchukua yeye kuwa kipimo utamwandalia mgonjwa wako mipango ya miaka hamsini, wakati anachohitaji ni msaada wa mwezi ujao.

Majina yake ni mengi, jambo linaloongeza utata. Waingereza na watu wa Afrika Kusini huuita MND. Wafaransa huuita ugonjwa wa Charcot, kwa jina la daktari wa Paris aliyeueleza mwaka 1869. Wamarekani wengi huuita kwa jina la Lou Gehrig, mchezaji wa besiboli aliyefariki kwa ugonjwa huo mwaka 1941. Huku kwetu huitwa kupooza, na mara nyingi zaidi huitwa kurogwa.

Kwa mdogo wangu ulianzia kwenye chaki. Alikuwa akiandika ubaoni, chaki ikamponyoka, akaiokota, ikamponyoka tena, watoto wakacheka naye akacheka. Baada ya miezi miwili nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada katika mkono wake wa kulia ilikuwa imebonyea, na misuli ya bega ikawa inachezacheza chini ya ngozi kama maji yanayokaribia kuchemka. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31, niliutazama mkono ule kwa macho yangu, nikasema ni mshipa uliobanwa shingoni. Nalitaja hili ili mtu asidhani nawalaumu wengine huku nikijitoa. Alipoanza kuburuta mguu ikasemwa ni kiharusi kidogo, akapewa vidonge vya presha ambayo hakuwa nayo. Upande wa ukweni wakasema ni mkono wa mtu, akapelekwa kwa mganga huko milimani Upare kwa wiki tatu. Tangu chaki ya kwanza hadi siku alipofanyiwa kipimo cha umeme wa neva na misuli, na daktari bingwa akamtajia jina la ugonjwa wake, ilipita miezi kumi na minne.

Hata katika nchi zenye madaktari wengi wa neva, mgonjwa wa ALS hukaa takriban mwaka mzima kabla ya kutambuliwa, kwa sababu hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema ndiyo au hapana. Daktari huuondoa ugonjwa mmoja baada ya mwingine hadi ubaki huu. Lakini kwetu kuna tatizo kubwa zaidi ya kuchelewa. Hapa jirani, wilayani Hai, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakiutafuta ugonjwa wa Parkinson, ambao nao ni wa ubongo na neva, katika eneo lenye watu zaidi ya laki moja na sitini elfu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Parkinson humtetemesha mtu mbele ya kijiji kizima kwa miaka mingi, na bado wengi walikuwa hawajatambuliwa. ALS huua upesi. Ni wangapi ambao huzikwa wakiwa wameandikiwa kiharusi, nimonia, au wasiandikiwe chochote?

Jina lilipopatikana, ndugu walikutana. Wasomaji wanavijua vikao vyetu: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, daftari la ahadi, na gurupu la WhatsApp ambamo aliyetuma jina lake hupanda kwenye orodha na asiyetuma hukumbushwa asubuhi na jioni. Sisemi kwa dhihaka. Walimu wenzake walichanga, wanakwaya walichanga, na wanafunzi wake wa zamani walioko Dar es Salaam, Mwanza, na mmoja aliyeko Muscat, walituma fedha kwa simu usiku uleule walipopata habari. Katika muda wa wiki sita zilipatikana fedha ambazo sisi wa nyumbani tusingezikusanya kwa miaka kumi.

Kosa letu lilikuwa katika kuzitumia. Mtu mmoja alileta namba ya kliniki ya ng'ambo iliyoahidi kumpandikizia seli shina, yaani chembe changa zilizodaiwa kwamba zitageuka neva mpya, na tukatumiwa video za watu wakiinuka kutoka kwenye viti vya magurudumu. Daktari wetu alisema wazi kwamba hakuna tiba ya seli iliyothibitishwa kuponya ALS. Kikao kilimsikia, kikamshukuru, kikakata tiketi tatu. Tulilipia tiba, viza na nyumba ya kupanga. Alidungwa sindano mara mbili, akarudi kama alivyoondoka, isipokuwa alikuwa amepungua kilo sita na hakuweza tena kupanda ngazi za nyumba yake. Mfuko ulikuwa mtupu, na waliokwisha kutoa hawakuwa na moyo wa kutoa mara ya pili. Kwa fedha zile tungeweza kumlipa msaidizi wa nyumbani kwa miaka miwili, tukanunua vifaa vyote nitakavyovitaja hapa chini, na chenji ikabaki. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi, hasa usiku.

Ninachotaka kusema, Ndugu Mhariri, ni kwamba ugonjwa usio na dawa ya kuuponya si ugonjwa usio na la kufanywa, na mambo yanayofanyika si ya ajabu.

Pumzi ndiyo ya kwanza. Misuli ya kifua inapodhoofika, mgonjwa huanza kwa kulala vibaya, kuamka na kichwa kinachogonga, kusinzia mchana, na kushindwa kulala chali. Ipo mashine ndogo, ukubwa wake kama redio ya mezani, inayosukuma hewa kupitia barakoa anayovaa mgonjwa usiku. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba wagonjwa ambao misuli yao ya koo ilikuwa haijaharibika sana, walipotumia mashine hiyo, waliishi takriban miezi saba zaidi ya wenzao wasioitumia, na walilala vizuri zaidi. Riluzole, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995 na ambayo hadi leo ndiyo inayotumika zaidi duniani kwa ALS, huongeza kwa kawaida miezi miwili au mitatu. Sisemi dawa iachwe. Nasema barakoa isisahauliwe. Mdogo wangu alipoanza kuamka na kichwa hicho alipewa mtungi wa oksijeni, kwa nia njema, katika hospitali nisiyotaka kuitaja. Mtu ambaye shida yake ni kifua kisichoweza kusukuma hewa, ukimpa oksijeni peke yake, hewa chafu huweza kujikusanya katika damu yake. Alisinzia siku mbili tukadhani ndio mwisho. Mashine ya kupumulia hatukuipata kamwe, na ndiyo maana haimo katika orodha ya vitu vilivyoko stoo kwangu.

Kula nako kuna maarifa yake. Maji matupu humpalia mgonjwa kuliko uji mzito, na akikunja kidevu kuelekea kifuani anapomeza, hupaliwa mara chache zaidi. Unafika wakati ambapo mpira wa kulishia unaopitishwa kwenye ukuta wa tumbo ndio salama yake, lakini unatakiwa uwekwe mapema, kabla pumzi haijashuka chini ya nusu ya kiwango cha kawaida, kwa sababu baada ya hapo upasuaji wenyewe huwa hatari. Familia nyingi huukataa mpira wakati unaofaa kwa kuona ni dalili ya kukata tamaa, kisha huuomba wakati ambao daktari hawezi tena kuuweka. Sisi tulifanya hivyo hivyo.

Kuzungumza ndiko kulikonifundisha zaidi. Ulimi ulipokwisha kabisa, kijana mmoja alituchapia kutoka kwenye intaneti ubao wa herufi uliopangwa kwa kuwafaa waandikao Kiingereza, ukianzia na E. Msaidizi anapitisha kidole juu ya herufi, na mgonjwa anapepesa macho kidole kinapofika kwenye herufi anayoitaka. Neno la kwanza ambalo mdogo wangu alituandikia kwa ubao huo, kwa muda wa kama dakika kumi, lilikuwa "upuuzi". Alikuwa amefundisha darasa la kwanza kwa miaka kumi na tisa. Akatuelekeza, herufi moja moja, tuchukue karatasi ya manila na kuandika chati ambayo kila mmoja wetu aliisoma akiwa na miaka saba: a e i o u, ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, hadi mwisho. Kidole kinashuka kwenye safu hadi anapopepesa, kisha kinapita kwenye irabu tano tu badala ya kuzunguka herufi zote upya. Ch, sh, ny, mb na nd zikawa za kupepesa mara moja. Safu za k, n, m, w, y na l alizitaka ziwe juu kwa kuwa ndizo zinazotumika sana katika maneno yetu. Baada ya wiki moja alikuwa akimgombeza mwanawe kuhusu mtihani wa hesabu kwa kasi ambayo sisi tulioshika kalamu hatukuimudu.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu linaonyesha utafiti ambao hautangoja mtu wa Ulaya. Kompyuta zinazofuata mboni za macho zipo, na sauti za kompyuta zinazosoma Kiswahili zipo. Vijana wetu wa vyuo vya teknolojia wanaweza kuviunganisha vitu hivyo juu ya chati ya silabi badala ya kibao cha herufi za Kiingereza, na mgonjwa aliyetambuliwa mapema anaweza kurekodiwa sauti yake mwenyewe kabla haijaharibika. Hawking, aliyekuwa Mwingereza, alizungumza kwa miaka mingi kwa sauti ya mashine yenye lafudhi ya Kimarekani, naye aliipenda. Mwalimu wa Mwanga, kama alivyokuwa mdogo wangu, nadhani angependa kusikika kama mtu wa Mwanga.

Kuhusu wauguzaji nitasema machache, ingawa ndio wanaobeba mzigo mzito kuliko wote. Wifi yangu aliamka kila baada ya saa mbili usiku kumgeuza mumewe kwa miezi kumi na saba, na asubuhi alifungua genge lake. Mgonjwa wa ALS hawezi kujigeuza, hawezi kujikuna wala kufukuza mbu, na anahisi kila kitu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakifundishwa kwa siku chache tu namna ya kumgeuza, kumfyonza mate na kutambua dalili za pumzi kupungua, nyumba nyingi zitapata usingizi. Tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyeweza kuponywa, nayo isihesabiwe kuwa ni ya saratani peke yake. Uganda, ambako shirika la tiba hiyo la Hospice Africa lilianzishwa mwaka 1993 na Dokta Anne Merriman, iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa kuwaandikia wagonjwa mofini, dawa kali ya maumivu, tangu mwaka 2004, na mofini ya maji kwa kipimo kidogo hupunguza hofu ya kukosa pumzi kwa mgonjwa aliyefika ukingoni. Hapa kwetu zipo hospitali zenye huduma hiyo, zikiwemo Ocean Road na Selian, na wenye ALS wanastahili kupelekewa huduma hiyo mapema.

Sasa nirudi kwenye fedha. Wasomaji vijana watakumbuka mwaka 2014, watu walipokuwa wakijimwagia ndoo za maji ya barafu mbele ya kamera. Wengi tuliona ni mzaha wa watu wenye friji. Waliouvumisha mchezo huo, Pat Quinn na Pete Frates, walikuwa wagonjwa wa ALS, na wote wawili sasa ni marehemu. Chama cha ALS cha Marekani kilipata dola milioni 115. Ndoo hazikunigusa hata kidogo. Kilichonigusa ni hesabu iliyotolewa baadaye: dola milioni 77 kwa utafiti, milioni 23 kwa huduma za wagonjwa, milioni 10 kwa elimu, na milioni 5 zilizobaki kwa gharama za uchangishaji na za kupokelea fedha. Mchangiaji aliyeko kokote aliweza kujua dola yake ilikwenda wapi. Ni kamati ngapi za michango, ikiwemo yetu, zilizowahi kusoma hesabu ya namna hiyo mbele ya waliotoa?

Wala hesabu hiyo haikuficha hasara. Mwaka 2016 sehemu ya fedha hizo ilisaidia kutambuliwa kwa jeni, yaani chembe ya urithi, iitwayo NEK1 kuwa inahusika na ALS. Lakini dola milioni 2.2 zilikwenda kwenye dawa iliyoidhinishwa Marekani Septemba 2022, kisha ikashindwa katika jaribio kubwa zaidi, na Aprili 2024 watengenezaji wenyewe wakaiondoa sokoni. Mtu akiniuliza kama fedha hizo zilipotea nitasema hapana, kwa kuwa wagonjwa waliambiwa ukweli, jambo ambalo kliniki yetu ya ng'ambo haikulifanya. Utafiti huenda kwa mwendo wake. Jeni ya SOD1 ilihusishwa na ugonjwa huu mwaka 1993, na dawa inayoilenga, tofersen, ambayo hudungwa kwenye maji ya uti wa mgongo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023. Miaka thelathini, kwa dawa inayowahusu takriban wagonjwa wawili kati ya kila mia.

Jeni hizo zimetafutwa zaidi katika damu za watu wenye asili ya Ulaya. Ikiwa wagonjwa wetu hawamo katika daftari lolote, hawatakuwamo katika majaribio ya dawa, na dawa zitakazokuja zitakuwa zimepimwa kwa watu wengine. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya utafiti katika nchi yetu haihitaji maabara kubwa. Inahitaji daftari katika kila hospitali ya rufaa ya kanda, lenye ridhaa ya mgonjwa na siri yake kulindwa, linaloandika umri, mahali ugonjwa ulipoanzia, na miezi iliyopita hadi kutambuliwa. Daftari hilohilo ndilo litakalojua nani anahitaji kiti.

Watu husema ugonjwa huu ni wa wachache mno kuweza kuchangiwa. Mwaka 2020, Kevin Sinfield wa Uingereza alikimbia marathoni saba kwa siku saba kwa ajili ya Rob Burrow, mwenzake wa raga aliyekuwa na ugonjwa huu, akakusanya zaidi ya pauni milioni mbili. Burrow alifariki tarehe 2 Juni 2024, na siku iliyofuata ujenzi wa kituo cha wagonjwa chenye jina lake ukaanza mjini Leeds. Afrika Kusini, Joost van der Westhuizen, bingwa wa dunia wa raga wa mwaka 1995, alipotambuliwa mwaka 2011 alianzisha taasisi ya kuwasaidia wagonjwa wenzake wasio na uwezo, akaifanyia kazi hadi alipofariki Februari 2017. Na sisi kukimbia tunakimbia: mbio za CRDB zimechangia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Jakaya Kikwete, na mbio za NBC za Dodoma zimechangia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Siombi mbio mpya. Naomba katika mbio zilizopo, siku moja, karibu na tarehe 21 Juni ambayo ni siku ya ALS duniani, litengwe fungu dogo.

Fungu hilo lisigawiwe kwa mgonjwa mmoja mmoja kama tunavyofanya misibani. Linunue vifaa vya kuazimisha. Vyama vya wagonjwa vya nchi nyingine vina maghala ya namna hiyo: mashine ya kupumulia yenye betri ya akiba, kwa kuwa umeme ukikatika usiku mgonjwa hatangoja, kiti chenye mgongo mrefu, mashine ya kufyonza, kitanda kinachoinuka. Mgonjwa hutumia, familia hurudisha, kifaa husafishwa na kupelekwa kwa mwingine. Kwa ugonjwa unaomaliza watu kwa miaka michache, mashine moja inaweza kupita nyumba tatu au nne kabla haijachakaa, na mchangiaji ataona shilingi yake ikifanya kazi zaidi ya mara moja. Ghala likae hospitalini, funguo ziwe kwa ustawi wa jamii, na hesabu ibandikwe ukutani mahali watu wanapongojea kuonana na daktari. Nao wanaopanga vitita vya Bima ya Afya kwa Wote, chini ya sheria ya mwaka 2023, naomba waitazame barakoa ya kupumulia usiku kama wanavyotazama dawa, kwa maana kwa wagonjwa hawa ndiyo dawa.

Wakati hayo yakifikiriwa, kiti kiko hapa. Kimetumika miezi kumi na saba. Breki ya kushoto inataka kukazwa, foronya ya mto nimeifua, magurudumu nimeyajaza upepo. Mashine ya kufyonza niliijaribu Jumamosi na inafanya kazi. Anayemjua mgonjwa, awe Rombo au Ruvuma, amwandikie mhariri, ambaye anuani yangu anayo, na nauli ya kuvisafirisha kwa basi nitalipa mimi. Chati ya silabi nitaiandika upya kwa mkono, kwa sababu ile ya kwanza wifi yangu hataki kuiachia.

Muuguzi mstaafu,
Moshi, Kilimanjaro